Mstari Uko Wapi? Ushauri kwa Anayefundisha Habari za Uumbaji

Nimeongoza darasa la Biblia la vijana kwa miaka kadhaa, na kosa ninalolikumbuka kuliko mengine yote nililitenda siku tulipoanza kusoma kitabu cha Mwanzo. Nilisema, kwa sauti ya mtu asiyetarajia swali, kwamba Biblia inafundisha kuwa dunia ina umri wa miaka elfu sita. Binti mmoja aliyekuwa ameweka daftari magotini akainua mkono. "Mwalimu, samahani, mstari uko wapi? Nataka kuuandika." Hakuwa akinipinga hata kidogo, ilikuwa desturi yake kuandika sura na mstari pembeni mwa kila hoja. Nikafungua sura ya kwanza, nikaenda ya tano, nikarukia ya kumi na moja, na mwishowe nikamwahidi jibu la wiki ijayo.

Mstari huo haupo. Nilichokuwa nacho kichwani ni tarakimu niliyoiona utotoni katika Biblia kuukuu ya Kiingereza iliyokuwa nyumbani, iliyopigwa chapa kwa herufi ndogo pembeni mwa safu ya kwanza: 4004 KK. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya majalada ya Biblia, nilikua nikiamini kwamba nayo ni Biblia. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ni hesabu ya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alichapisha kwa Kilatini kazi ndefu iliyojumlisha umri wa mababu, miaka ya wafalme na kumbukumbu za mataifa mengine, akafikia uamuzi kwamba uumbaji ulianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba mwaka huo wa 4004. Haikuwa kazi ya kuchekwa, kwa maana wasomi wengi wa zama zake walifanya hesabu za namna hiyo. Tatizo lilianza wachapaji walipoanza kuiweka pembeni mwa maandiko mwanzoni mwa karne ya 18, nasi wasomaji tukaacha kutofautisha kati ya andiko na pambizo.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla hujasimama mbele ya watu, kaa na kalamu uifanye hesabu hiyo mwenyewe. Andika kutoka Mwanzo 5: Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi, Sethi alikuwa na 105 alipomzaa Enoshi. Kisha utafute tafsiri ya kale ya Kigiriki iitwayo Septuaginta, nawe utakuta Adamu ana 230 na Sethi ana 205, na tofauti za namna hiyo zinaendelea katika vizazi vingi hadi kufika kwa Ibrahimu. Ndiyo sababu Wakristo wa Bizanti, ile dola ya mashariki ya Warumi, waliosoma Kigiriki, waliuweka mwanzo wa ulimwengu mwaka 5509 KK, ilhali kalenda ya Kiyahudi inaanzia 3761 KK. Ongeza hapo Mathayo 1:8, inayosema Yoramu akamzaa Uzia, wakati 1 Mambo ya Nyakati 3 inaweka wafalme watatu kati yao: Ahazia, Yoashi na Amazia. Neno "akamzaa" katika nasaba za Biblia, basi, linaweza kuruka vizazi. Mtetezi wa dunia changa, yaani anayeamini kwamba dunia ina miaka elfu chache tu, atakujibu kwamba Mathayo hatoi umri, ila Mwanzo 5 inautoa, na kwamba hata majina yakirukwa miaka inabaki palepale. Ni jibu lenye uzito, nami sijaona haki kulificha. Hata hivyo, baada ya zoezi hilo, sijawahi tena kusema "Biblia inasema" mahali ambapo ningepaswa kusema "baadhi yetu tumekokotoa".

Kosa langu la pili lilitokana na kulirekebisha lile la kwanza. Nilisoma kwa pupa, nikabadilika, na kama ilivyo kwa wengi waliobadilika juzi, nikawa na ulimi mkali. Nilifurahi kugundua kwamba Origeni, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliuliza siku tatu za kwanza zilikuwaje na jioni na asubuhi ilhali jua liliumbwa siku ya nne. Kwamba Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliona kuwa Mungu aliviumba vyote kwa mara moja na kwamba wakati wenyewe uliumbwa pamoja na ulimwengu. Kwamba Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, akifafanua ile mianga miwili mikubwa ya Mwanzo 1:16, alikiri kwamba wataalamu wa nyota wameonyesha kwamba sayari ya Zohali ni kubwa kuliko mwezi, akaeleza kwamba Musa aliandika kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaiona mbingu kwa macho yake. Nilichokificha kwa makusudi ni kwamba Calvin huyohuyo hakuwa na shaka juu ya siku sita, kwamba Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alizichukua siku hizo kama zilivyo, na kwamba Luther alifanya vivyo hivyo. Ushahidi niliuchagua kama mtu achambuaye mchele, nikatupa punje zisizonipendeza.

Nikiwa na silaha hizo, nilimbeza hadharani mzee mmoja aliyekuwa amefundisha Shule ya Jumapili kabla mimi sijazaliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita pembeni. "Mwanangu, umenieleza ninayokosea, lakini hujaniuliza naogopa kupoteza nini. Nilimzika mke wangu nikiamini kwamba mauti ni adui aliyeingia kwa dhambi, si desturi iliyokuwapo tangu mwanzo. Nijibu hilo kwanza, ndipo tuhesabu miaka." Sikuwa na jibu, nami nilikuwa nimesoma vitabu kwa miezi minane.

Tangu siku hiyo naiona mada hii kwa namna nyingine, na ushauri wangu mkubwa unatoka hapo: katika kila msimamo, tafuta kinacholindwa. Anayeshikilia siku sita za saa ishirini na nne na dunia ya miaka elfu chache hapiganii tarakimu. Analinda Kutoka 20:11, ambapo juma la mwanadamu linasimama juu ya juma la Mungu (na kwa Wasabato nguzo hiyo ikitikisika, Sabato yenyewe inatikisika), na analinda Warumi 5:12, kwamba mauti iliingia kwa dhambi. Wa dunia kongwe atasema kwamba mstari huo unataja mauti kuwafikia watu, si wanyama. Naye wa dunia changa atamwelekeza Warumi 8, ambako viumbe vyote vinaugua. Nimeyasikia mabishano hayo mara nyingi, na ukweli ni kwamba hapo ndipo penye ugumu wenyewe, wala si kwenye neno "siku".

Anayesema kila siku ilikuwa zama ndefu analinda imani kwamba Mungu aliyeandika maandiko ndiye aliyeumba miamba, na kwamba vitabu hivyo viwili haviwezi kusutana; yeye hutaja Mwanzo 2:4, ambapo kazi yote ya uumbaji imewekwa ndani ya "siku ile", na siku ya saba, ambayo haifungwi na maneno "ikawa jioni ikawa asubuhi". Nadharia ya pengo, inayoweka muda usiojulikana kati ya Mwanzo 1:1 na 1:2, nitaipita upesi. Ilihubiriwa na Thomas Chalmers wa Uskoti mwaka 1814 na ikaenea sana kupitia maelezo ya Biblia ya Scofield ya 1909, lakini naiona inabebesha mzigo wa mamilioni ya miaka juu ya nafasi iliyo kati ya nukta na herufi.

Msimamo ulionigusa zaidi ni ule unaotazama mpangilio wa sura yenyewe. Chukua karatasi, uikunje katikati. Upande mmoja andika siku ya kwanza, nuru. Ya pili, anga na maji. Ya tatu, nchi kavu na mimea. Upande wa pili andika ya nne, jua, mwezi na nyota. Ya tano, ndege na samaki. Ya sita, wanyama na mwanadamu. Utaona kwamba siku tatu zinatengeneza makao na tatu zinayajaza, nyumba na wenyeji wake zikitazamana, na kwamba ile nchi iliyokuwa "ukiwa, tena utupu" inapewa umbo kisha inapewa wakazi. Wanaosoma hivi husema kwamba juma hilo ni umbo la kifasihi lenye kweli, si shajara. Ndiko ninakoelemea mimi, pamoja na kukubali kwamba dunia ni kongwe.

Nimeshuhudia pia wenzangu wakiamini kwamba mgawanyiko huu ni kati ya waaminio na waliolegea. Historia inakataa. James Orr, aliyeandika katika vile vijitabu vya kutetea misingi ya imani vilivyotolewa Marekani kati ya 1910 na 1915, alikubali kwamba dunia ni ya kale sana. Mafundisho ya dunia changa kama yanavyosikika leo, yenye kuieleza miamba na visukuku kwa gharika ya Nuhu, yalipata nguvu kubwa kwa kitabu cha John Whitcomb na Henry Morris cha mwaka 1961. Upande wa pili, Georges Lemaître, aliyependekeza kwamba ulimwengu wote unapanuka kutoka chanzo kimoja kidogo, alikuwa padri wa Kikatoliki.

Juu ya sayansi nina onyo moja, maana hapa ndipo walimu wa dini tunapoaibika mbele ya wanafunzi wa kidato. Usisimame kupinga umri wa dunia kwa kuishambulia kaboni 14, ile inayotumika kupima umri wa mabaki ya viumbe. Kaboni hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo haipimi chochote kilichozidi miaka elfu hamsini, na hakuna mtaalamu aliyeitumia kupata umri wa dunia. Umri wa miaka bilioni 4.55 alioutangaza mwanasayansi Clair Patterson mwaka 1956 ulitokana na madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo, zao la madini ya urani yanayogeuka polepole kuwa risasi. Ukitaka kuupinga, pinga huo. Na kijana akikuuliza juu ya galaksi ya Andromeda, inayoonekana kwa macho matupu usiku wa giza nene ilhali nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kutufikia, usimwambie ana roho ya ubishi. Wapo waliojibu kwamba Mungu aliumba vitu vikiwa na sura ya ukongwe, kama Adamu aliyeumbwa mtu mzima. Philip Gosse, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliandika hivyo mwaka 1857, na hata Wakristo wenzake hawakupendezwa, kwa sababu walihisi anamfanya Mungu aandike historia isiyotokea. Mweleze kijana yote mawili.

Siku hizi simwelezi mtu msimamo wa mwenzake akiwa hayupo. Nilimwomba yule mzee msamaha mbele ya darasa lilelile, kisha nikamkaribisha afundishe siku sita yeye mwenyewe. Na yule binti alipomuuliza mstari, alimpa Kutoka 20:11 bila kufungua Biblia. Kuhusu mauti kabla ya Adamu niliwaambia wazi kwamba sina jibu linaloniridhisha, na hakuna aliyeacha kuja.

La mwisho ni la utaratibu. Tenga vipindi viwili, na cha kwanza kiwe cha kusoma Mwanzo 1 hadi 2:3 kwa sauti pamoja na Zaburi 104, bila kuitaja sayansi kabisa. Mara moja niliviunganisha viwili hivyo kwa ajili ya haraka, tukamaliza saa nzima tukibishana juu ya mifupa ya dinosaria, na sura yenyewe haikusomwa hata mara moja.