Buti za kuzamia kwenye mawe yanayoteleza

Ndugu unayetafuta buti za kuzamia, kwa kuwa unaingia majini kwa kukanyaga mawe yenye mwani, anza kukagua soli kabla ya unene wa neopreni (mpira laini unaotunza joto la mguu). Iwe ya mpira mgumu wenye meno, ipande kidogo kisiginoni na vidoleni. Soli laini hukunjika juu ya jiwe, kifundo kikateguka. Kwa hiyo shingo ya buti nayo ifunike kifundo.

Neopreni ya milimita 5 hutosha sehemu nyingi, 3 kwa maji ya joto.

Zijaribu pamoja na mapezi yako ya mkanda (yale ya kuogelea yanayofungwa nyuma ya kisigino), tafadhali: soli nene mara nyingi hugoma kuingia. Buti zikibana, vidole hufa ganzi. Zikilegea, maji hupita ndani na kukupoza. Mapezi yavae ukishafika maji ya kiunoni, maana hakuna soli isiyoteleza kabisa kwenye mwani.