Ukipewa kazi ya kuandika programu za mfano za Miro

Wageni wengi katika kazi hii huja na hamu ya kuonyesha wanachokijua. Programu ya mfano haitaki hivyo. Atakayeisoma ni mtu mwenye haraka: atanakili mistari kumi anayoihitaji, atabadilisha majina, ataipeleka kwenye mradi wake na hutamwona tena. Basi chochote utakachoandika, kizuri au kibovu, kitaendelea kuishi kwa watu usiowajua. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Nazungumzia Miro, ubao wa mtandaoni ambao watu wengi huuchorea na kuuandikia kwa wakati mmoja. Ulianza mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard, ukaitwa Miro mwaka 2019. Historia hiyo ina faida moja kwako. Ukitafuta majibu mtandaoni utakutana na msimbo mwingi wa toleo la kwanza la SDK yao, yaani zana za kuandikia programu zinazoendeshwa ndani ya ubao. Ukiona `miro.board.widgets` popote, usihangaike nao. Ni wa zamani. Toleo la pili lina `createStickyNote`, `createShape` na wenzake, kila kitu na jina lake.

Maandalizi ni mafupi. Fungua timu ya wasanidi ndani ya akaunti yako, sajili programu, ipe ruhusa za `boards:read` na `boards:write`, kisha endesha `npx create-miro-app@latest` na uelekeze anwani ya programu kwenye `http://localhost:3000`. Usiombe ruhusa usizozihitaji. Msomaji atazinakili zote, halafu wateja wake watamuuliza kwa nini programu ya kupanga rangi inataka kusoma habari za timu nzima.

Chagua jambo dogo kabisa. Mfano ninaowapa wageni ni huu: mtumiaji anachagua vikaratasi vya kubandika, anabonyeza kitufe, vinajipanga safu kwa safu kufuata rangi. Basi. Ukitaka pia kuonyesha namna ya kuburuta picha kutoka kwenye paneli, andika programu nyingine. Mifano mitano midogo ina faida kuliko mmoja unaofanya kila kitu, maana mkubwa hakuna anayejua aanze kuusoma wapi.

Sasa tuje kwenye mambo yanayowakwaza watu. La kwanza ni fremu mbili, yaani kurasa mbili za programu yako zinazopakiwa ndani ya Miro. Ubao unapofunguka, Miro hupakia `index.html` yako kimyakimya, bila kuonekana. Kazi yake ni kusubiri mtumiaji abonyeze ikoni, kisha ifungue paneli, kwa mfano `app.html`. Hizo ni kurasa mbili tofauti. Kigezo ulichokiweka kwenye moja hakionekani kwenye nyingine. Mgeni huandika vitufe vyake vyote kwenye ukurasa usioonekana, akakaa kuvitafuta. Na paneli ikifungwa, kila ilichokikumbuka kimeondoka nayo. Kinachotakiwa kubaki kihifadhi kwenye ubao wenyewe, kwa `storage` au kwa metadata (taarifa za ziada zinazoambatishwa) ya kitu husika. Kumbuka pia kwamba paneli unaiona wewe peke yako. Mwenzako aliye kwenye ubao huohuo anaona vikaratasi vikihama tu, bila kujua nani kavihamisha.

La pili ni `sync()`. Ukibadilisha `x` ya kikaratasi, umebadilisha nakala iliyo kwenye kumbukumbu ya kivinjari chako tu. Ubao haujui lolote mpaka uite `await kikaratasi.sync()`. Linasumbua kwa sababu halitoi kosa lolote: msimbo unakwenda mpaka mwisho, kila kitu kimetulia, na hakuna kilichosogea. Kwenye mfano wako weka maoni ya mstari mmoja hapo, hata kama kwako ni jambo la wazi.

La tatu ni hesabu za mahali. Sifuri ya ubao iko katikati yake, na `x` na `y` za kitu ni kitovu chake, si kona ya juu kushoto kama tulivyozoea kwenye kurasa za wavuti. Ndiyo maana safu ya kwanza ya mgeni huwa imepandiana. Kikaratasi kikiwa ndani ya fremu ya ubao, yaani kisanduku kinachochorwa ubaoni kukusanya vitu, mambo yanageuka tena: namba zake zinahesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto ya fremu hiyo. Jaribu hali zote mbili kabla ya kusema umemaliza. Na ukisoma maandishi ya kikaratasi usishangae kukuta alama za `<p>`. Yanarudi kama HTML, kwa hiyo yasafishe kabla ya kuhesabu herufi.

Kisha jaribu ukiwa watu wawili. Fungua ubao huohuo kwenye dirisha la faragha kwa akaunti nyingine, na wakati programu inapanga, futa kikaratasi kimoja. Kwenye ubao wa pamoja kitu ulichokisoma sasa hivi kinaweza kuwa hakipo tena, na mfano usioshika kosa hilo unawafundisha watu kuandika programu inayokufa katikati ya kikao.

Ukihama kutoka SDK ya kivinjari kwenda API ya REST, ambako seva yako huituma Miro maombi kupitia mtandao, unaingia kwenye mambo ya seva na siri. Ufunguo wa siri ukae kwenye `.env`, faili ya mipangilio ya siri, na `.env` iwe kwenye `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git haizihifadhi, kabla ya komiti ya kwanza. Ufunguo ukishaingia kwenye historia ya Git, kuufuta kwenye faili hakusaidii, inabidi utengeneze mwingine. Tokeni zenye muda, yaani vibali vya muda vya kuifikia API, huisha baada ya saa moja, hivyo mfano usioonyesha namna ya kuhuisha tokeni utafanya kazi asubuhi na kugoma kabla ya chai. Miro pia wana bajeti ya krediti 100,000 kwa dakika, na kila ombi lina bei yake, kuanzia krediti 50 hadi 2,000. Ukizidisha unapata jibu la 429, yaani maombi yamezidi. Onyesha namna ya kusubiri na kujaribu tena. Usiwaache watu wazungushe maombi kwenye kitanzi bila breki.

README, faili ya maelezo ya mradi, ni nusu ya kazi, nami huisoma kabla ya msimbo. Picha ya programu ikifanya kazi, toleo la Node linalohitajika, hatua kwa mpangilio. Punguza maktaba za nje pia. Kuna msomaji anayepakua kila kitu kwa bando la simu, na hana sababu ya kulipia maktaba nzima ya tarehe ili aone vikaratasi vikipangwa. Mpe mtu ambaye hajawahi kuugusa mradi aendeshe kila hatua mbele yako, nawe ukae kimya. Kila atakapokuuliza swali, jibu lake linakosekana kwenye README.

Utunzaji watu huusahau. SDK ikibadilika na huna muda wa kurekebisha mfano, andika juu kabisa ya README kwamba umepitwa na wakati, elekeza kwenye ulio mpya kama upo, kisha ufunge hifadhi ya msimbo ibaki ya kusomwa tu. Kwenye GitHub kitufe chake kiko mwishoni kabisa mwa ukurasa wa mipangilio.