Chupa ya Bei Nafuu, Tafi wa Kupaka na Barafu Tele

Mombasa ya Februari, kaskazi ikivuma na shati limenata mgongoni, si mahali pa kuringia mvinyo mwekundu mzito uliomaliza nusu ya mshahara. Nimekaribishwa nao nyumbani kwa watu na nikashukuru, lakini moyo wangu uko kwenye rafu ya chini pale supamaketi, penye mvinyo mweupe wa utamu wa wastani kutoka Afrika Kusini, ambao kwa kawaida chupa yake hainifikishi shilingi 1,500. Wenye kujua mambo huuita kinywaji cha wanaoanza. Mimi naona unadharauliwa kwa sababu mbili tu: watu huunywa ukiwa vuguvugu, na huunywa bila chakula.

Kama hunywi, kwa dini au kwa hiari yako, sikushawishi. Majirani zangu wengi hawanywi na tunaishi vizuri sana.

Wengi hudhani utamu huo ni sukari iliyokorogwa kiwandani. Zabibu zina sukari yake, na hamira huila ikaigeuza kileo, takriban gramu 17 kwa lita kwa kila asilimia 1 ya kileo. Mtengenezaji akikatiza uchachukaji mapema, kwa kuupoza mvinyo sana kisha kuichuja hamira, sehemu ya sukari hiyo hubaki. Wengine huacha uchachuke mpaka mwisho, halafu wakaongeza juisi ya zabibu kidogo. Ulaya, mvinyo wa kundi hili huwa na gramu 12 hadi 45 za sukari kwa lita. Tuseme chupa yako ina gramu 30 kwa lita: glasi ya mililita 150 itakuwa na gramu 4.5, yaani kijiko kimoja cha chai na chembe. Chai ya maziwa tunayokunywa hapa huwa imeshapita hapo, na sijaona mtu akichekwa kwa kunywa chai.

Kwenye lebo, mimi huanza na asilimia ya kileo. Ikiwa 8 au 9, kuna sukari nyingi iliyobaki. Ikifika 13, mara nyingi ni mkavu, yaani usio na utamu, hata kama chupa imepambwa maua na vipepeo. Chupa za Afrika Kusini huandikwa “semi-sweet”, na zile za “natural sweet” mara nyingi huwa tamu zaidi. Ukikutana na ya Ufaransa, tafuta moelleux, ya Italia amabile, ya Ujerumani lieblich. Kisha tazama jina la zabibu. Chenin Blanc ndiyo inayolimwa zaidi Afrika Kusini, na wao walizoea kuiita Steen. Naipendea uchachu wake, unaobaki hata kwenye jua kali. Muscat hunukia vizuri mno, lakini uchachu wake ukiwa mdogo mvinyo hulala ulimini kama shira ya kaimati. Ukiambiwa uchague kati ya harufu na uchachu, chagua uchachu. Ndio unaokufanya utamani funda la pili.

Dukani, mvinyo mweupe wa bei hii si wa kuhifadhi. Kama mwaka umeandikwa, chukua ule wa karibuni. Usichukue chupa iliyopangwa dirishani ili ipendeze. Jua la Mombasa limeshaipika, na rangi iliyoelekea kahawia itakuambia hivyo. Kizibo kilichosukumwa juu ni dalili ya joto vilevile, ndiyo maana chupa ya kifuniko cha kuzungusha hainitii aibu hata kidogo. Hakikisha ina stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kama una shaka, programu ya Soma Label itakusaidia kuikagua kwa simu. Halafu nenda nayo nyumbani moja kwa moja. Chupa iliyozunguka ndani ya gari mchana kutwa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Bamburi, haifiki ikiwa ile uliyoinunua.

Sasa baridi, na hapa sina mzaha. Mvinyo huu unataka nyuzi 7 hadi 10 hivi. Joto linapopanda, utamu hujitokeza mbele na uchachu hujificha, ukajikuta unakunywa kitu kizito kisichokata kiu. Friji ya kawaida itachukua saa kadhaa, na stima ikipotea ndiyo basi. Njia yangu ni ndoo: barafu, maji ya kuifunika, na konzi mbili za chumvi ya mawe. Maji hayo ni muhimu, kwa sababu barafu peke yake bila maji hugusa chupa hapa na pale tu, wakati maji huizunguka yote. Chumvi nayo huyafanya maji yawe baridi zaidi bila kuganda. Zungusha chupa mara kwa mara, na kwa dakika 20 hivi iko tayari. Iache humo humo wakati wa kula. Mimina kidogo kidogo, robo glasi, kwa sababu glasi iliyojaa hupata joto kabla hujafika nusu. Kuna wanaotia barafu ndani ya glasi, na mabingwa huwakunjia uso. Mimi nisingegombana nao, ila zabibu zilizogandishwa hupoza bila kuuzimua. Mchana wa jua kali napenda kuuchanganya nusu kwa nusu na maji ya soda yasiyo na sukari.

Kwenye chakula ndipo chupa hii inapoishinda ile ya bei kubwa. Kileo kingi huchochea ukali wa pilipili, na mvinyo mwekundu huongeza ule ukakasi unaotoka kwenye maganda ya zabibu. Mweupe hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, kwa hiyo ukakasi karibu haupo. Kileo chake ni kidogo, na sukari hutuliza ulimi. Mpe mtu tafi wa kupaka, samaki aliyechomwa kwa mkaa kisha akapakwa tui zito la nazi lenye tangawizi, ukwaju na pilipili. Nazi ni nzito, na uchachu wa mvinyo huikata. Ukwaju ni mkali, na utamu huupokea. Mvinyo mkavu mbele ya tui hilo mara nyingi huonekana mwembamba na mchungu. Kamba wa nazi nao hupatana nao, na biriani ya kuku pia. Hata viazi karai vya barabarani, ukivibeba nyumbani na ukwaju wake, au muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Embe bichi la soko la Kongowea, lililokatwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, ndilo ninalowapa wageni kabla chakula hakijaiva, na wanamaliza sahani.

Usiujaribu na halua, wala kaimati. Kitu kitamu kuliko mvinyo huufanya uonekane mchachu na maji matupu, na utailaumu chupa bure.

Jambo moja la tahadhari: unateremka kirahisi mno. Chupa ya mililita 750 ni glasi 5 tu za kawaida, na asilimia 9 ni kileo bado, hata kama ulimi unaona juisi. Maji pembeni, na gari libaki nyumbani.

Ukibaki, funga kifuniko na urudishe kwenye friji, utakuwa mzuri kwa siku 3 hadi 5. Kama nyumba yenu ina wanywaji wawili wa wikendi, boksi la mfuko wa ndani lina faida zaidi, maana mfuko hujikunja na hewa haiingii, hivyo hudumu wiki kadhaa kwenye friji. Ule wa chupa ukichoka, nautia kwenye sufuria ya kamba pamoja na kitunguu saumu na siagi, moto mkali, dakika chache tu.