Kukimbia kilomita 21 Moshi kwa ajili ya rafiki mwenye saratani: pangeni fedha kwanza, mazoezi yatafuata

Mleta uzi, umesema mko watano hapo Arusha, rafiki yenu anatibiwa saratani ya matiti, na mnataka kukimbia nusu ya Kilimanjaro Marathon kwa heshima yake huku mkichangisha. Wakuu waliotangulia wamekujaza mambo ya mazoezi. Hayo ndiyo rahisi.

Kwanza muulizeni mwenyewe. Kuna mgonjwa anayefurahi jina lake likitajwa kanisani, na kuna ambaye hata jirani hajui anaumwa nini. Akikubali, muulizeni picha itumike au jina tu, na fedha ziende wapi. Kama ni za matibabu yake, semeni hivyo. Kama ni za wagonjwa wote, msichanganye hata shilingi. Mtu aliyechangia "wagonjwa wa saratani" akisikia zimelipa kodi ya nyumba ya mtu mmoja, atasema mmekula, hata kama kodi hiyo ilikuwa ya lazima.

Kwa wagonjwa wote, hospitali ya rufaa ya KCMC ina kituo cha saratani palepale Moshi. Nendeni kwa maafisa ustawi wa jamii wa hospitali mkaulize wagonjwa wanakwama wapi. Mara nyingi ni nauli ya kurudi kwenye dripu inayofuata ya kemo (dawa za saratani), au pa kulala kwa mtu wa Mbulu au Same anayetibiwa wiki kadhaa. Ombeni akaunti ya taasisi kwa maandishi. Msikubali namba ya simu ya mtumishi, hata awe mwema kiasi gani.

Kiingilio cha mbio kinakwenda kwa waandaaji, si mchango. Kiingilio, fulana na Coaster jilipieni mifukoni. Vikundi vingi huharibikia hapo: zinakusanywa laki nane, fulana zinakula laki tatu, na mchangiaji anayeuliza anajibiwa kwa hasira.

Pokeeni kwa lipa namba yenye jina la kikundi, maana mtu akiona jina asilolijua kabla ya kuweka namba ya siri, anaghairi. Kila Jumamosi jioni tumeni orodha kwenye grupu. Hesabu iwe ya kweli: watu watano, kila mmoja wachangiaji 40 wa shilingi 5,000, ni milioni moja. Ahadi ya shilingi 1,000 kwa kilomita inapendeza masikioni, ila ombeni nusu ilipwe kabla ya mbio. Ahadi ya harusi hulipwa kwa sababu kuna kadi na kuna pilau. Huku hakuna pilau. Na wakati ni muhimu: mbio huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo anzeni Novemba, mkazeni Desemba Wachaga wanapopanda nyumbani. Januari nyamazeni, ni ada za shule. Rudini tarehe 4 Februari, Siku ya Saratani Duniani.

Fulana: picha ya rafiki iwekwe mgongoni. Kifuani mtabandika namba ya mbio, nayo itamfunika uso. Isitoshe, chapa kubwa ya plastiki kifuani haipitishi jasho na inachubua chuchu mpaka damu. Chukueni kitambaa chepesi cha polyester, si pamba, na mpake mafuta mazito kwapani na katikati ya mapaja.

Sasa mbio. Nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kisha inarudi mjini. Wa Arusha wanajidanganya kwamba mji wao uko juu zaidi, hivyo Moshi ni mteremko tu. Hewa itawatosha, lakini joto la Moshi msimu huo ni kali, na kinachowaangusha wengi si kupanda, ni kushuka: mapaja yanafunga breki kilomita nyingi mfululizo. Wiki 14 zinatosha kwa anayeweza tayari kukimbia kilomita 5. Siku tatu kwa wiki, ile ndefu ya Jumamosi ipande taratibu kutoka kilomita 6 hadi 18. Mara moja kwa wiki nendeni mlima wa Ilboru: pandeni dakika 3, shukeni mkikimbia polepole, mara 6. Kushuka msitembee, ndiko mnakokufanyia mazoezi.

Kiatu cha mtumba kikunje: kikijikunja katikati ya unyayo badala ya kwenye vidole, kimekufa. Soli ikiwa ngumu kama kwato, achana nacho.

Asubuhi ya mbio, uji na ndizi mbivu saa mbili au tatu kabla. Mtori wenye nyama usubiri jioni.

Rafiki akitaka kuja, tazameni kwanza ratiba ya dripu. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kemo ndipo kinga huwa chini kabisa mara nyingi, na uwanja uliojaa watu si mahali pake. Daktari wake ndiye aamue. Akiruhusiwa, awe na kiti, kivuli na barakoa, na gari liegeshwe mbali na njia ya mbio, maana barabara zikifungwa hamtamtoa akichoka. Asiporuhusiwa, mpigieni simu ya video mkimaliza, kabla hamjaanza kupiga picha zenu.