Maswali na Majibu: Shilingi 61 Zilizozidi Mizanini

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Moshi. Tuko watayarishaji programu wanne, na kazi yetu kubwa ni mifumo ya vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya kahawa. Upo mfumo wa stakabadhi unaotumika mizanini, upo wa daftari la wanachama, na upo unaoandaa malipo ya benki. Mifumo yote mitatu inatumia maktaba moja ya programu, yaani msimbo (maagizo ya kompyuta) wa pamoja, tuliouandika wenyewe, unaokokotoa kilo na bei. Mwenzetu mmoja aliirekebisha fanksheni ya malipo (kipande cha msimbo kinachokokotoa malipo), ambayo tangu mwanzo ilikuwa ikikata sehemu ya shilingi, ili nusu shilingi na zaidi ipandishwe kuwa shilingi nzima. Kutoka toleo la 1.7.3 akatoa 1.8.0, na mfumo wa stakabadhi ukalichukua wenyewe usiku uleule. Kesho yake jioni karani akatupigia simu kwamba jumla ya stakabadhi imezidi ya daftari kwa shilingi 61. Hakuna programu hata moja iliyotoa ujumbe wa kosa. Ofisini sasa wapo wanaosema maktaba isiguswe tena, na wapo wanaotaka kila mfumo uwe na nakala yake. Tufanye nini? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na stakabadhi moja. Tuseme mkulima amepima kilo 37.45 na bei ni shilingi 5,350 kwa kilo. Malipo yake ni shilingi 200,357.50. Toleo la zamani linaandika 200,357, jipya linaandika 200,358. Jina la fanksheni halikubadilika, wala idadi ya vitu inavyopokea, wala aina ya jibu inalotoa. Kwa hiyo hakuna chombo cha kukagua msimbo ambacho kingepiga kelele. Mabadiliko ya namna hii ndiyo ninayoyahofia kuliko yote, kwa sababu fanksheni iliyofutwa huangusha programu papo hapo na mtu akaitengeneza, lakini fanksheni iliyobadili tabia huendelea kutoa majibu, na majibu hayo huchapishwa na kukabidhiwa watu.

Kosa la mwenzenu si kurekebisha hesabu. Huenda hesabu yake ni bora kuliko ya awali. Kosa liko kwenye namba aliyoipa. Utaratibu wa kupanga namba za matoleo ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, unasema kwamba namba ya mwisho hupanda mnaporekebisha kasoro bila kumvunjia mtu, ya katikati hupanda mnapoongeza kitu kipya, na ya kwanza hupanda pale ambapo anayetumia maktaba atalazimika kubadili kitu upande wake. Mfumo wenu wa stakabadhi ulipoona 1.8.0 uliamini kwamba ya zamani yote yako palepale, na kwa haki uliamini hivyo. Toleo lile lilistahili kuitwa 2.0.0.

Najua mtu atasema kwamba fanksheni haikuahidi popote kukata sehemu ya shilingi. Hata mimi zamani niliishika sana hoja hiyo, kwamba kisichoandikwa kwenye maelezo si ahadi. Siishiki tena. Hyrum Wright, aliyekuwa mhandisi wa Google, aliona kwamba watumiaji wakishakuwa wengi, kila tabia inayoonekana ya maktaba itakuwa na mtu anayeitegemea, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Kwenu hawakuhitajika hata kuwa wengi. Mifumo mitatu imetosha. Wala ninyi si wa kwanza kukwazwa na nusu. Lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, katika toleo la 2, ilikuwa ikiipeleka 2.5 kuwa 3. Toleo la 3, lililotoka Desemba 2008, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 2. Vilevile 7 kugawanya kwa 2, iliyokuwa ikitoa 3, ikaanza kutoa 3.5. Waendeshaji wa lugha hiyo walilitangaza jambo hilo kama toleo kuu jipya, na bado waliendelea kulihudumia la 2 hadi tarehe 1 Januari 2020.

Kwa hiyo leo hii toeni 1.9.0 inayorudisha tabia ya 1.7.3. Msiifute 1.8.0 wala kuibadilisha kimyakimya chini ya jina lilelile, maana aliyekwisha kuichukua atabaki na kitu kimoja na atakayeichukua kesho atapata kingine, na hapo hata kutafuta chanzo cha tofauti kutawashinda. Kisha wekeni hesabu mpya ndani ya fanksheni mpya yenye jina lake, kando ya ile ya zamani. Ile ya zamani iendelee kufanya kazi huku ikiandika onyo kila inapoitwa, na onyo litaje jina la fanksheni mpya na toleo ambalo ya zamani itaondolewa. Uondoaji wenyewe usubiri msimu wa kahawa upite. Hamisheni mifumo yote mitatu kwa siku moja, kwa kuwa hesabu za mkulima hupita kwenye yote. Ndipo mtoe 2.0.0.

Kwa upande wa mifumo, acheni kuiruhusu kuchukua toleo jipya yenyewe. Faili la kufungia matoleo, linalotaja toleo halisi la kila maktaba inayotumika, lihifadhiwe pamoja na msimbo, na kupandisha toleo iwe kazi inayofanywa na mtu, peke yake, isichanganywe na marekebisho mengine. Tena chagueni stakabadhi kama 20 za kweli, mkiondoa majina, zikiwamo zenye nusu shilingi kamili. Kila toleo la maktaba lipitishwe kwenye mifumo yote mitatu kwa stakabadhi hizo kabla halijatoka. Ile ya kilo 37.45 ingewaambia yote kabla karani hajashika simu.

Wanaotaka maktaba isiguswe nawaelewa, ila siku bei au makato yatakapobadilika mtaigusa tu, tena kwa haraka.

SWALI: Nami nasoma kompyuta hapa Arusha. Je, si salama zaidi kunakili msimbo wa maktaba ndani ya mradi wangu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwa kipande kidogo, ndiyo, na sioni aibu yoyote. Machi 2016 kipande cha mistari 11 kiitwacho left-pad kiliondolewa na mwenyewe kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba za lugha ya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Lakini Desemba 2021, tundu la usalama lilipotangazwa ndani ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, waliokuwa na orodha ya tegemezi zao (maktaba wanazozitegemea) waliweza kutafuta jina na kupandisha toleo, ilhali aliyeinakili ndani ya msimbo wake bila kuandika ilikotoka alibaki nalo bila habari. Ukinakili, andika juu ya faili jina la maktaba, toleo, tarehe na leseni yake. Hesabu za fedha na mambo ya usalama usiyanakili.