Hati ya ploti ina majina yetu mawili. Mmoja akifa je?

Swali: Wakili, mimi na mwenzangu ni wanawake wawili. Tumeishi pamoja Kisumu miaka tisa. Majirani hutuita mtu na dadake, nasi tumewaachia. Mwaka jana tulinunua ploti Mamboleo, tukaweka tangi na kupanda ndizi. Hati ina majina yetu sote wawili. Mmoja akitangulia, ploti itabaki kwa mwenzake? Na tukifunga ndoa Afrika Kusini, itasaidia?

Jibu: Dada, nashukuru umeuliza mkiwa wazima. Wengi huniuliza haya wakitoka matangani.

Nianze na la ndoa, maana ni fupi. Afrika Kusini imeruhusu ndoa kama yenu tangu 2006, ila cheti chake hakitawafaa hapa. Kifungu cha 45 cha Katiba kinazungumzia kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kwangu hiyo ni dhuluma, na sitaacha kuisema. Lakini nikikujibu kwa matumaini yangu badala ya sheria iliyopo, nitakuponza.

Sasa ploti. Umiliki wa watu wawili ni wa namna mbili. Katika namna ya kwanza, mmoja akifa, sehemu yake humwendea aliyebaki moja kwa moja. Katika ya pili, kila mtu ana fungu lake, na akifa fungu hilo linaingia katika mirathi yake. Watu wengi hudhani wana ile ya kwanza. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kimewawekea hiyo mume na mke. Wengine wote mpaka mahakama iwaruhusu. Hata mkiwa mmeandikiwa kwamba mnamiliki kwa pamoja, sheria inawahesabu kuwa na mafungu.

Kwa hiyo mwenzako akifa bila wosia, familia yake itakwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuorodhesha warithi. Kama hana mtoto, wataandikwa wazazi, na wasipokuwepo, ndugu. Jina lako halimo. Utatoka kazini jioni ukute kakake anapima nusu ya ploti kwa kamba katikati ya migomba yenu, na sheria iko upande wake.

Dawa ni wosia, na kila mmoja aandike wake. Si lazima upigwe muhuri wa wakili. Uwe wa maandishi, utie sahihi, na mashahidi wawili watie zao. Wewe usiwe shahidi wa wosia unaokupa mali, maana unaweza kuikosa kwa sababu hiyo. Taja mtekelezaji, yaani mtu atakayesimamia wosia ufuatwe. Na kama mwenzako humtunza mamake, amwachie mama kitu, kwa kuwa mzazi aliyekuwa akitunzwa anaweza kwenda mahakamani kudai sehemu.

Je, wosia utawafichua? Si lazima mweleze uhusiano wenu. Jina kamili na nambari ya kitambulisho vinatosha. Ukitaka, ongeza “rafiki yangu”. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi miaka 14, Mahakama Kuu ilikiacha kilivyo Mei 2019, lakini kinaadhibu tendo la ngono. Kumwachia rafiki ardhi si kosa.

Kuna la hospitali pia. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mgonjwa kumteua kwa maandishi mtu wa kumtolea idhini ya matibabu akishindwa kusema. Andikianeni, na kila mmoja atembee na nakala.

Kuhusu maziko sitakudanganya. Mahakama zetu huchukua maneno ya marehemu kama ombi tu. S. M. Otieno alikuwa wakili, na Wambui alikuwa mkewe wa ndoa halali. Otieno alikufa Desemba 1986, na Wambui akashindana na ukoo wa mumewe mahakamani juu ya nani amzike. Akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, kama ukoo ulivyotaka. Ikiwa Wambui alishindwa, wewe tafuta mapema ndugu mmoja wa mwenzako anayekupenda, mzungumze.

Wosia wenyewe msiuweke kabatini. Watu wakija matangani, kabati ndilo la kwanza kufunguliwa. Mkabidhini mtekelezaji au wakili, nyinyi mbaki na nakala.