Chumba cha kulala cha nevi bluu: mkuu, anza na taa, rangi ije baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Una chumba cha mita 3 kwa 3.5, unataka kukipaka nevi bluu, shemeji anataka krimu kama vyumba vingine, na fundi amekwambia kitabana, kitakuwa na joto, na mkichoka kurudisha rangi nyeupe itakuwa kazi. Mimi nalala kwenye chumba cha kijani kilichokoza mpaka kinakaribia weusi, huku Kigamboni, miaka kadhaa sasa. Cha dada yangu Arusha tulikipaka bluu ya aina hiyo hiyo unayoitaka. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu waliotangulia wamekwambia ama "paka tu" ama "achana nayo", na hakuna aliyekueleza kazi yenyewe inakwendaje.

Nianze na joto maana ni fupi. Fundi amechanganya ukuta wa nje na wa ndani. Ukuta wa nje ukiupaka rangi nzito, jua linaupiga mchana kutwa, unanyonya joto, usiku unalitoa ndani. Ukuta wa ndani haupigwi na jua isipokuwa kile kipande kinachopita dirishani, na joto la kipande hicho likishaingia chumbani limeingia, kuta ziwe nyeupe au nyeusi. Vyumba vyetu vinachemshwa na bati lisilo na dari ya maana chini yake, pamoja na dirisha linalotazama magharibi. Chumba kikiwa na joto leo na weupe wake, kitakuwa na joto lile lile kikiwa bluu.

Kubana ni hoja nyingine, na hiyo ina ukweli ndani yake. Ukuta mweupe kabisa unarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoufikia. Nevi bluu inarudisha chini ya asilimia 10. Maana yake, ile taa moja ya katikati ya dari ambayo leo inawatosha itazidiwa. Itamulika shuka na sakafu, kuta zitapotea, pembe zitajaa kivuli, na mtu akiingia atasema chumba kimekuwa kidogo. Chumba ni kile kile, taa ndizo hazijafuata rangi.

Ndiyo maana nakusihi ushughulikie taa kwanza. Chumba cha kulala unakiishi usiku. Unaingia saa tatu, unatoka saa kumi na mbili asubuhi, mchana mlango umefungwa. Sasa mtu anakwenda dukani saa sita mchana, anachagua rangi kwenye kikaratasi cha ukubwa wa stempu chini ya taa nyeupe za duka, kisha anaipeleka kwenye chumba atakachokiona kwa balbu. Lazima rangi imgeuke.

Soma boksi la balbu, kuna namba inayoishia na herufi K. Balbu nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni 6500K, ule weupe mkali unaoelekea bluu. Chini ya mwanga huo nevi inapoa, inakuwa kama sare ya kazini, na ngozi ya mtu inapauka. Tafuta 2700K au 3000K, ule mwanga wa njano. Madukani zipo, ila mara nyingi hazikai mbele, itabidi uulize. Kwenye chumba cha dada yangu siku tulipobadilisha balbu tu, bila kugusa kitu kingine, bluu ile ile ilipata kina, na kitanda cha mninga kikaanza kuwaka.

Wingi wa taa pia. Usijaribu kumulika kuta, utashindwa, zinameza. Mulika mahali: taa mbili pande za kitanda, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa kusoma, moja karibu na kioo au kabati, na ile ya dari ibaki na swichi yake kwa siku za kufanya usafi au kutafuta kitu. Balbu ndogo za wati 4 au 5 zinatosha pembeni. Hili lifanyike kabla ya rangi kwa sababu fundi umeme atapasua ukuta, na kiraka kwenye rangi nzito hakifichiki. Kama jipsamu yako ina ule mkanda wa taa unaobadilika zambarau, kijani na pinki, naomba uuondoe au uweke wa mwanga wa njano. Mwanga wa rangi unaiua rangi ya ukuta, na ukuta ndio unaoulipia. Weka na taa moja ya kuchaji karibu na kitanda, maana umeme ukikatika chumba cha namna hii ni giza totoro.

Jambo jingine watu hawaambiwi. Mwanga ukiwa hafifu sana, jicho linapoteza wekundu mapema kuliko bluu na kijani. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, alilieleza hili karne ya 19. Ndiyo sababu damu ya mzee, inayopendeza sana mchana, usiku taa zikishushwa inageuka nyeusi tupu, wakati bluu na kijani vinabaki na uhai wake. Kwa chumba cha kulala nevi yako ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani.

Kabla ya kununua ya kutosha chumba, chukua kopo dogo. Paka mara mbili kipande cha hadbodi au jipsamu bodi, kisipungue nusu mita kwa nusu mita, kisha kihamishe: leo karibu na dirisha, kesho nyuma ya kitanda, uangalie asubuhi na usiku. Na uangalie vioo vya dirisha. Kama ni aluminiamu yenye kioo cha tinti ya kahawia, mwanga wa mchana unaingia na ukahawia wake, na bluu inaweza kuelekea kijivu kichafu. Ikiwa hivyo, sogea kwenye bluu yenye ukijani kidogo au nenda kijani moja kwa moja. Mimi nilikwenda kijani kwa sababu hiyo.

Sasa ukuta. Hapa ndipo pesa inapotakiwa kwenda. Krimu inasamehe fundi. Rangi nzito haisamehi: kila kovu la skimu (ule upako laini wa mwisho juu ya plasta), kila mkwaruzo wa msasa, kila mahali mwiko uliposimama, vyote vinaonekana, hasa taa ikiwa pembeni na inamulika ukuta kwa ubavu. Kabla ya kumlipa aliyepiga skimu, subiri usiku, zima taa, weka tochi ya simu igusane na ukuta na imulike kwa kuambaa. Vivuli vitakuonyesha mabonde yote. Mpe chaki azungushie, arudie, apige msasa tena. Atalalamika, lakini kazi itatoka.

Kama plasta ni mpya, ipe angalau wiki nne ikauke. Na kama chini ya ukuta kuna chumvi inayotoka, ule unga mweupe unaofumuka nyumba nyingi za karibu na bahari, usipake chochote mpaka ujue maji yanatoka wapi. Kwenye krimu chumvi haionekani kwa mbali. Kwenye nevi itachora ramani nzima ndani ya msimu mmoja wa mvua. Bomba linalovuja ukutani, udongo wa nje uliopanda juu ya msingi, bafu la upande wa pili, ni moja kati ya hayo. Litibu hilo kwanza.

Rangi yenyewe chukua ya maji isiyong'aa. Inayong'aa kama silki inaonyesha mabonde na inarudisha taa kama kioo. Lakini uliza ile isiyong'aa inayofutika kwa kitambaa, kwa sababu ile ya bei ya chini ukiisugua inabaki na doa linalometa, na nyuma ya kichwa cha kitanda mafuta ya nywele yatafika tu. Kichwa kirefu cha kitanda kinaokoa sana hapo.

Hesabu ya chumba chako: mzunguko ni mita 13, na dari ikiwa mita 2.7 unapata mita za mraba 35, toa mlango na dirisha zibaki kama 31. Lita moja inafunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili wakati mwingine haitoshi kwa rangi hizi, kwa sababu zinachanganywa kwenye besi (rangi ya msingi kabla ya kutiwa rangi) yenye weupe mdogo ndani yake, hivyo zinafunika kwa shida. Panga mikono mitatu, nunua makopo matatu ya lita 4 siku moja, na mwambie fundi ayamimine kwenye ndoo moja ayakoroge kabla ya kuanza. Kopo linalochanganywa wiki ijayo linaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itakaa katikati ya ukuta. Kitakachobaki kihifadhi kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri.

Simama pale siku ya kupaka. Asiongeze maji kuliko kopo linavyosema. Feni izimwe, kwa joto la Dar rangi inakauka kabla rola haijarudi na inaacha michirizi ya maungio. Ukuta ukianzwa umalizwe bila chai katikati. Na brashi ya pembeni itangulie rola kidogo kidogo, isizunguke chumba kizima kwanza.

Wengi watakushauri upake ukuta mmoja tu, wa nyuma ya kitanda, ili wewe na shemeji mkutane katikati. Mimi sikubaliani kabisa. Ukuta mmoja wa bluu kati ya kuta tatu za krimu unavuta jicho kila unapoingia, na pembe zote zinajitokeza kwa ukali, ndipo chumba kinapoonekana kidogo kweli. Kuta zote nne zikiwa rangi moja, pembe zinayeyuka na usiku hujui ukuta umeishia wapi. Hilo ndilo linalompa mtu ule utulivu unaoutafuta. Dari ya mita 2.7 na zaidi iache nyeupe iliyofifia, siyo nyeupe ya theluji. Ikiwa ya chini zaidi, paka nayo.

Sasa sehemu ninayoipenda. Chandarua. Picha zote za vyumba vya giza za mitandaoni hazina chandarua, na sisi tunalala nacho. Basi kitumie! Chandarua cheupe cha duara mbele ya ukuta wa nevi, na taa ya njano ikipita ndani yake, ni kitu kizuri kuliko pambo lolote utakalonunua. Kioshe mara kwa mara, vumbi litaonekana. Na kumbuka mbu wanapenda kutulia penye giza na kwenye ukuta huu hutawaona, kwa hiyo wavu wa dirishani usiwe na tundu.

Mbao zetu zinakaa vizuri sana na rangi hizi. Mninga na mkongo vina wekundu na dhahabu ndani yake, bluu inavitoa nje. Kama una kabati jeupe la kumetameta, hilo litakupa shida zaidi kuliko ukuta. Marumaru nyeupe za sakafuni zinasaidia kurudisha mwanga juu, ila zinakata chumba kwa mstari mkali, kwa hiyo tandika mkeka wa ukindu au zulia la rangi ya mchanga litokeze pande zote za kitanda. Shuka ziwe nyeupe au krimu. Hapo krimu ya shemeji inapata nafasi yake, na mapazia pia, ya kitani au pamba nzito, mwachie achague yeye.

Wala usimshinde kwa maneno. Mwonyeshe ile hadbodi usiku, balbu ya njano ikiwa imeshawekwa, shuka nyeupe mbele yake. Akiiona na bado hataki, basi hataki, chumba ni cha wawili.

Kurudisha weupe kunawezekana: msasa mwepesi, mkono mmoja au miwili ya andakoti nyeupe, kisha mikono miwili ya rangi. Ni kama siku mbili za fundi. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla na mwandikiane kwamba utarudisha.

Weka picha ya dirisha na dari hapa, useme dirisha linatazama upande gani, nikuonyeshe taa ningeziweka wapi.